Kimya cha Kanja

Jumanne, 4 Juni
Kijijini Kanja tena. Rekoda, mandazi, viti vya kanisa kwenye duara. Mtafiti mwenzangu Karimi anauliza, mimi naandika. Utafiti wetu: kwa nini wajawazito wanachelewa kwenda kliniki? Hakuna aliyejibu. Wawira, mimba ya miezi saba, aliniambia mlangoni kwamba hajaenda hata mara moja. Ndani ya kikundi, akatazama sakafu. Nimerudi na hasira. Si wangesema tu!

Jumatano, 5 Juni
Kumbe jana Karimi alikuwa akitazama chai. Wawira alimpa Mama Njeru kikombe kwa mikono miwili, kisha akahamisha kiti chake nyuma. Mama mkwe wake! Tuliwaalika kupitia chama cha kanisa, wakaja wote, tukawaweka duara moja. Nani ataongea habari za mimba mbele ya mama mkwe? Karimi ametoka Meru, kwao ni vilevile. Mimi mtoto wa mjini nilikuwa nimelala. Kesho tunawatenganisha.

Alhamisi, 6 Juni
Asubuhi, walioolewa juzijuzi. Karimi aliuliza swali moja, akanyamaza. Mimi ningeshaharibu. Yeye akamenya chungwa, taratibu. Mwishowe Wawira: "Mimi nangoja mama mkwe aseme niende clinic. Nikijipeleka, ataona nimemdharau." Wenzake wakadakia, "Hata sisi."

Mchana, mama wakwe. Mama Njeru: "Tumbo naliona. Nangoja aniambie mwenyewe. Sitaki kuitwa wa kuingilia mambo ya watu." Wengine wakaitikia.

Nikarudi ukurasa wa asubuhi, nikasoma tena maneno ya Wawira.

Ijumaa, 7 Juni
Nilitaka kumpigia Wawira simu, nimwambie mama mkwe anamngoja yeye. Karimi akakataa. Tuliwaahidi kwamba la kikundini halitoki na jina la mtu. Nilimchukia kwa saa nzima. Na mtoto je? Akasema Jumapili tutawarudishia matokeo, wote pamoja.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada Karimi akasimama. Hakutaja mtu. "Wasichana wenu wanangoja kuambiwa. Akina mama pia mnangoja kuambiwa. Haya, nani ataanza?" Kanisa likacheka. Mama Njeru hakucheka. Nampenda sana Karimi, nakiri. Sijaona kazi safi kama hii.

Jumatatu, 10 Juni
Manyunyu, baridi. Tulipitia kliniki kuaga. Mama Njeru alikuwa benchini, sweta ya Wawira mapajani, macho kwenye mlango wa chumba cha kupimia. Karimi akamsalimu kama mtu asiyejua lolote. Mimi pia.