Malewa ya Wamono

Jumanne, 1 Aprili

Kuku saba asubuhi, mmoja hayupo. Nimewahesabu mara mbili kama wafungwa. Wamekataa kuchuchumaa watano watano. Yule mwekundu yuko kwa jirani, anataga kule. Mtoro. Goti la kushoto baya. Chai bila sukari, maana daktari ni adui wa wazee.

Katekista Petero amekuja. Padre amechagua wazee kumi na wawili wa hapa Walukuba waoshwe miguu Alhamisi Kuu. Mimi ni wa kumi na mbili. Nikamuuliza nafasi ya Yuda kapewa nani, kama bado iko wazi. Hakucheka. Anasema kila mzee aungame kwanza, aje na moyo safi. Nikamwambia moyo umefichwa ndani, hauna neno, ila miguu yangu itamwangusha padre kwa harufu. Hapo pia hakucheka. Mtu huyu alizaliwa Ijumaa Kuu.

Sijaungama tangu nilipomzika mama watoto. Miaka sita.

Naandika kwa Kiswahili kama kawaida. Kwetu ni lugha ya askari. Wajukuu wakiliona daftari watadhani ni amri za kambini. Wataliacha.

Jumapili, 6 Aprili

Misa ndefu. Padre amehubiri kwamba kinachoingia kinywani hakimchafui mtu. Kinaenda tumboni, kisha chooni. Uchafu ni ule unaotoka moyoni. Aliposema chooni nikacheka kwa sauti. Mama mmoja wa kwaya akanitazama kama nimekojolea maji ya baraka.

Kisha nikakumbuka malewa. Kicheko kikakatika.

Sitaandika zaidi leo.

Jumatatu, 7 Aprili

Naandika, yaishe.

Nilikuwa askari jela Mbale. Kijana, kofia mpya. Jumapili nilishika geti la mahabusu. Chakula cha nyumbani kilipita kwangu. Sheria: aliyekileta anaonja kwanza, nimwone akimeza, isije ikawa sumu. Kisha askari naye anaonja. Sheria haikusema askari aishie wapi. Mimi niliishia chini ya bakuli.

Kulikuwa na mahabusu mmoja, Wamono, Mgisu wa mlimani, kesi ya ng'ombe wa mtu. Mke wake Khainza alishuka mlimani kwa miguu kila Jumapili, kabeba malewa. Ni machipukizi ya mianzi, yanakaushwa kwa moshi, yanapikwa kwa karanga. Mimi Mteso, mtu wa tambarare, sikuwahi kuonja kitu kama kile. Anaonja kijiko kimoja, ananishukuru, anaondoka. Nakula. Jumapili kumi na moja.

Wamono akaniuliza, "Afande, mke wangu mbona haji?"

Ningesema mvua. Ningesema mtoto anaumwa. Wenzangu walikuwa wamekaa pale, na mimi ndiye mcheshi wa kambi. Nikasema anakuja sana, bwana, ila hapiti getini, anapita barabarani juu ya baiskeli ya fundi cherehani. Wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda.

Haikuwa mzaha tu. Nilitaka asiulize tena. Angeuliza sana, chakula kingejulikana.

Khainza akaja kupata kibali cha kumwona. Wamono akakataa kutoka. Alikaa kageukia ukuta. Mahakama ikamwachia, hana kosa. Hakupanda mlimani kwao. Alivuka kwenda Kenya, akafia huko. Hilo nililisikia miaka baadaye. Khainza alirudi getini kuuliza mumewe kaelekea wapi. Nikasema sijui. Ukweli pekee niliowahi kumwambia.

Nikaoa, nikazaa, nikastaafu. Nikawachekesha watu wengi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeungama. Nilianza na vidogo: matusi, pombe ya mrija, yai moja la jirani ambalo lilitoka kwa kuku wangu kwa hiyo silihesabu sana. Kisha nikasema niliwahi kula chakula cha mahabusu. Padre akauliza kama kuna lingine. Nikasema hakuna.

Rozari moja. Basi.

Padre kanisamehe malewa. Neno la baiskeli limebaki kwangu. Hata Mungu nimempelekea bakuli lililoliwa nusu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimempigia simu Musa, tuliyekuwa naye getini. Amestaafu, anaishi Mbale. Nikamuuliza kama Khainza yuko hai.

"Yuko huku huku Mbale, mtaa wa Industrial, kwa binti wa dada yake. Anachambua karanga. Bwana, unafukua kaburi la nini?"

Nikamuuliza kama anakumbuka nilichosema siku ile.

"Nakumbuka. Si nilicheka."

Akakata. Msikiti wake una bahati, hauoshi wazee miguu.

Nina woga. Nikimwambia, nitamvunjia uzee wake. Nisipomwambia, atakufa bila kujua kwa nini mume alimgeuzia mgongo. Ningependa kuamini nanyamaza kwa kumhurumia. Najihurumia mwenyewe.

Jumamosi, 12 Aprili

Mbale. Nimefika saa sita. Mlima upo palepale. Nyumba iko nyuma ya maghala, dereva wa boda akaijua kwa jina la Khainza.

Alikuwa kwenye mkeka na ungo. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yana ukungu. Nikamwamkia. Akainua kichwa aliposikia sauti.

"Wewe ni yule afande wa geti."

Sauti tu. Miaka arobaini na kitu.

Hakuuliza shida yangu. Kule mgeni hazungumzi akiwa na njaa. Binti akaambiwa alete chakula. Likaja bakuli. Malewa. Nilijua kwa harufu kabla ya kuona, nikataka kukimbia, goti likakataa.

Khainza akalishika bakuli kabla halijanifikia. Akachota kijiko kimoja, akameza, akanipa. "Nimeonja, afande," akasema. Akatabasamu. Alidhani tunataniana.

Sikuweza kula. Akaona.

"Hata wewe huyapendi? Basi yeye alikuwa na haki." Akasema mwaka ule karanga zilikuwa chache. Jumapili mbili alipika kwa karanga kidogo, akaongeza maji. Tangu hapo anajua kwamba Wamono alimkataa kwa sababu ya mchuzi mwepesi. Alidhani mumewe aliona anamdharau kwa kuwa yuko ndani. Hakuolewa tena. Kila akipika malewa anatia karanga mara mbili.

Nikamwambia. Yote. Bakuli, baiskeli, kicheko. Sikutia utani hata mmoja. Sijui kama nilisema vizuri, Kiswahili changu ni cha amri.

Hakulia kwa ajili ya fundi cherehani. Alichambua karanga, alichambua, kisha akauliza, "Hata Jumapili moja hakula?"

"Hata moja, mama."

"Alikuwa na njaa."

Hapo ndipo akalia. Bila sauti, mikono imetulia kwenye ungo.

Nikapiga magoti, au nusu yake, kwa mguu huu. Nikaomba msamaha. Akafuta uso kwa ncha ya gauni lake la gomesi, akaniangalia nilipo.

"Malizia bakuli, afande. Umezoea."

Nilimalizia. Alikaa akisikiliza kijiko mpaka kikagonga chini. Kisha akamwita binti anionyeshe njia ya stendi.

Karanga zilikuwa nyingi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudi kwa padre, nikampa bakuli zima. Akanisamehe kwa jina la Mungu. Naamini ameniondolea. Sibishani na sakramenti. Lakini padre hakushuka mlimani zile Jumapili, na Wamono hayupo wa kuulizwa.

Nimemwambia Petero atafute mzee mwingine wa kumi na mbili. Akauliza kama ni miguu. Nikasema miguu iko sawa. Akangoja mzaha. Sikuwa nao. Akanishika bega, akaondoka. Si mtu mbaya.

Alhamisi, 17 Aprili

Alhamisi Kuu. Nilikaa benchi la nyuma. Nafasi yangu wamempa mzee mmoja wa kinu cha unga, miguu mibaya kuliko yangu. Padre alimwosha taratibu, akakausha katikati ya vidole. Yule mzee aliona haya kama bwana harusi. Nilifurahi kidogo.

Kuku wote wamo. Mwekundu karudi mwenyewe.

Tangu asubuhi sijala. Hakuna aliyeniamuru. Maharage yapo jikoni, nimeyafunika. Nilikuwa nikidhani njaa inakaa tumboni. Inaanza magotini, kisha mikono inakuwa baridi, kisha unaanza kusikiliza kila hatua inayopita nje, ukidhani ni mtu anakuja kwako.