Alama za Shangingi

Alhamisi, 14 Novemba 2024

Nimeliona! Jeupe, pana, limesimama mbele ya duka la magari la Hamidi pale Bakoba kama fahali aliyeshiba. Viti vya ngozi, rangi ya maziwa. Shangingi lenyewe hasa. Nimelizunguka mara mbili, mikono mgongoni, kama nilivyokuwa nikizunguka madarasa enzi za ukaguzi. Hamidi kaniacha nizunguke. Anajua biashara, yule. Kizuri chajiuza.

Na sababu ninayo, si majivuno matupu (majivuno yapo, sikatai). Sababu ni Maawe. Mama yangu ana miaka themanini na sita na nyonga iliyovunjika ikaunga vibaya. Mwaka juzi tulimleta hospitali kwa Noah ya kukodi. Wakati wa kurudi kila shimo lilimliza. Alipofika kwake akaapa: gari jingine atakalopanda ni lile la jeneza. Na Maawe akishaapa!

Sasa Alistidia, binti wa dada yangu Joviana, anafunga ndoa hapa mjini tarehe 30. Kalelewa na Maawe tangu aachishwe ziwa. Kasema wazi: bibi asipokuwepo kanisani, harusi isubiri. Isubiri mpaka lini? Kesho yake ni Majilio, mchungaji hafungishi ndoa tena hadi Krismasi ipite. Mahari imeshapokelewa. Wakwe wameanza kuuliza maswali ya upole-upole, yale mabaya.

Consolata, mke wangu, anasema tukodi ambulensi. Ambulensi! Mama mzazi wa Rwegasira aingie harusini kwa king'ora!

Jumamosi, 16 Novemba

Leo nimejaribu nguvu. Tumepanda mlima wa Kitendaguro, mimi kwenye usukani, Hamidi pembeni kashikilia mpini wa juu ya mlango. Nilikanyaga kidogo tu — kidogo! — na migomba ikaanza kurudi nyuma. Injini haingurumi. Inakohoa mara moja kama mwenyekiti wa kikao, kisha mambo yanakwenda.

"Mwalimu, polepole," kasema Hamidi. "Bado ni langu."

Breki safi. Kwenye tope halikuteleza hata nilipolitega makusudi. Nguvu: 95. Sijawahi kumpa mwalimu yeyote 95.

Kaniachia nikae nalo wiki nzima. Anajua ninapoishi, kasema. Nimepita nalo sokoni bila shida yoyote ya sokoni.

Jumatatu, 18 Novemba

Mtihani wa starehe. Nimemwomba Consolata awe Maawe. Kajifunga khanga, kakaa kiti cha nyuma, kashika kikombe cha chai ya maziwa kilichojaa mpaka ukingoni. Ndiyo kipimo chetu. Njia ni ile ya Rubafu, maana mashimo ya kule hayana huruma na mtu.

Chai haikumwagika! Shimo, daraja, kokoto — kimya. Consolata alianza hata kusinzia. Halafu mbuzi akakatiza, nikashika breki, chai yote kwenye khanga. Starehe: 90. Nimekata kumi kwa ajili ya mbuzi. Consolata anasema mbuzi si sehemu ya gari. Nimemjibu mkaguzi ni mimi.

Basi, tumefika nyumbani, nimeshiba ushindi, yeye akawa anashuka. Akasimama na mguu mmoja hewani.

"Na Maawe atapandaje?"

Kidato kiko juu kuliko goti. Nyonga ile hainyanyuki hata kuvuka kizingiti. Na kubebwa hataki. Tulijaribu mwaka juzi, akampiga Joviana fimbo mkononi, akisema yeye si gunia la kahawa.

Siku nne nimepima injini na ngozi. Mlango sikuupima. Nimejichukia jioni yote.

Jumanne, 19 Novemba

Siku ya aibu na utukufu, kwa mpangilio huo.

Asubuhi nilikuwa ndani ya gari nimejikalia tu, naliaga. Nikabonyeza kitufe kimoja karibu na gia, chenye kipicha cha gari na mshale. Shangingi likashusha pumzi. Likaanza kuzama! Mbele, nyuma, lote. Nimeruka nje. Pancha nne kwa mpigo — nani kaona? Nimempigia Hamidi simu. Kaja mbio kwa pikipiki, kanzu kaikunja kiunoni, kaangalia tairi moja moja. Zote nzima. Naye hakuwa akijua! Anauza kitu asichokijua.

Tumebonyeza tena. Likainuka. Tumebonyeza. Likashuka. Tumefanya hivyo mpaka Consolata akatoka na mwiko kuuliza kama tumerudi utotoni. Tulichogundua: mlango ukiwa wazi haliendi chini ng'o. Linataka milango yote ifungwe kwanza, nadhani lisije likambana mtu.

Likishuka, kidato kinafika chini ya goti. Chini ya goti langu, na Maawe ni mfupi kidogo. Lakini huenda. Huenda!

Alhamisi, 21 Novemba

Lazima niandike yote, hata mkono ukiuma.

Tumefika kwetu, nyuma ya Kamachumu, ukungu ndiyo kwanza unanyanyuka. Maawe alikuwa mlangoni kwenye kigoda, fimbo mapajani. Gari hakulitazama. Kanipa kahawa ya kutafuna, kauliza habari za Consolata ilhali Consolata yupo mbele yake, kauliza mvua za mjini. Majirani wamejaa uani, wengine bado na ndoo za senene, wale panzi watamu, mikononi. Nikasema: Maawe, nimekuletea gari, ulijaribu.

Akaliangalia sasa. Kwa Kihaya, taratibu, ili wote wasikie: huyo mgeni wangu ana adabu gani, kuingia mpaka uani na kusimama wima mbele ya mkubwa bila salamu?

Watu wakacheka. Ilikuwa njia yake ya kusema hapana. Kwetu mwanamke au kijana hasimami wima mbele ya mzee. Hupiga magoti, ndipo asalimu. Nilikuwa nimeshainamisha kichwa.

Halafu ikanijia! Nimekimbilia usukani, nimebonyeza. Kimya. Nimebonyeza tena. Kimya! Majirani wanashikana mabega kwa kicheko. Consolata akapaza sauti: funga mlango, wewe!

Nikafunga.

Likashusha pumzi, likaenda chini, polepole, mpaka tumbo likakaribia majani. Mama mmoja aliweka ndoo chini na senene wake wakaanza kutoka, hakujali.

Maawe aliisimamisha fimbo yake. Kisha akaliitikia, kama anavyowaitikia wake za wanawe wakiwa magotini: "Kasinge. Kasinge waitu." Akanigeukia. "Huyu kalelewa."

Na akanyanyuka, akaingia garini! Kwa fimbo yake mwenyewe, makalio kwanza, miguu baadaye, hakuguswa na mtu. Kioo kaamuru kishushwe. Tumezunguka kijiji kizima kwa mwendo wa msafara, kila lango tusimame, hasa kwa mzee Kyaruzi, ambaye mwanawe alikuja na gari kubwa Krismasi iliyopita na hakumpakia Maawe hata mpaka kanisani. Ndoo ya senene ilikuwa nyuma na kifuniko kikaachia. Senene kwenye ngozi rangi ya maziwa, senene kwenye dashibodi, senene kwenye kilemba cha Consolata. Maawe anawaokota mmoja mmoja, anacheka kama msichana. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Taata, baba yangu, afariki.

Tuliporudi nikamuuliza: umeumia?

"Wapi?" kasema.

Starehe: 100. Alama za mbuzi nimezirudisha. Nimelia kidogo Muhutwe, nikasingizia moshi wa lori.

Jumatatu, 25 Novemba

Thamani. Hapa Consolata kanishika pabaya. Shangingi linakunywa mafuta bila aibu. Kipuri kikifa, mpaka Mwanza au Dar. Na ili nilinunue lazima ile misindano (misonobari) yetu ya Rubafu ikatwe, yote, tuliyoipanda wawili kwa mikono yetu, akiba ya uzee. Kasema bila hasira: uzee ndio huu, Rwegasira, na gari halikui kila mwaka kama mti. Kweli tupu. Kodi basi kwa siku moja, kasema. Nimemuuliza Hamidi. Kakataa kwa adabu: kuna mnunuzi kutoka Biharamulo anakuja Jumatano.

Nimempigia Maawe kwa simu ya jirani, nikaweka spika, nikamweleza yote kuhusu miti. Nilitegemea aniambie niiache, nipumzike.

Akauliza: hiyo miti imewahi kunibeba?

Consolata alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kufuta macho akasema uza, lakini naye atajifunza kuendesha, na atafundishwa na mtu mwingine, si mimi. Nimekubali yote.

Thamani: sijui. Mkaguzi hawezi kumsahihishia mama yake.

Mnunuzi wa mbao kanitangulizia fedha zote kabla ya kukata. Nimelipa. Langu!

Ijumaa, 29 Novemba

Nimeosha gari mwenyewe. Senene mmoja katoka kwenye tundu la kiyoyozi, mzima, kaniangalia. Nimemwacha. Hamidi na Sada, mkewe, wameleta maua ya kufunga mbele. Kesho saa kumi na moja alfajiri naondoka kumfuata Maawe. Harusi saa nne. Usingizi hakuna.

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika juu ya usukani. Tupo mbele ya kanisa. Maawe kanikataza kushuka: gari la mtu mzima haliachwi bila mwenyewe.

Safari nzuri mno! Kalala kuanzia Muhutwe mpaka Kemondo, mdomo wazi. Tumefika mapema, mvua imenyesha kidogo, udongo mwekundu unang'aa. Na hapo ndipo tulipokwama, na si kwa tope. Consolata kaharakisha kumfungulia Maawe mlango kabla sijalishusha gari. Akina mama wakamwona. Wakaja wote, wakapiga magoti palepale kwenye udongo, mmoja mmoja, na Maawe anawaitikia kutoka juu huko, kila mmoja na ukoo wake, kila mmoja na habari za kwao. Nimemwambia: Maawe, tufunge mlango kidogo, gari lishuke, halafu uendelee.

Kaniuliza: nifungiwe? Watu wakinisalimu, nifungiwe mlango usoni?

Nimebonyeza kitufe hata hivyo. Kimya, nilijua. Kengele imelia. Mchungaji kachungulia mlangoni mara mbili. Bwana harusi ndani anatoka jasho, nimeambiwa. Consolata anaomba, Joviana anaomba. Maawe bado yuko kwenye habari za watu wa Rubya.

Gari la bibi harusi limeingia. Alistidia anatakiwa abaki ndani. Habaki! Kashuka, kaona, anakuja huku, shela linaburuta. Akina mama wanampisha. Kafika mlangoni kwetu na — gauni! Consolata anapiga kelele, gauni, gauni! — kapiga magoti. Kwenye udongo. Magoti yote mawili.

Namwona Maawe kwenye kioo. Kaziacha habari za Rubya. Hajamwitikia bado. Kaweka mkono begani kwa mtoto, mzito, mkono wote, naye Alistidia kalikaza bega. Fimbo imeanguka huku mbele kwangu. Mguu mmoja umetoka.

Kengele tena. Sasa wa pili nao umegusa udongo. Kalamu naiweka.