Siku Niliyokimbia Kisiwani

Butembo, Jumapili, saa kumi jioni. Mvua ndogo tangu asubuhi, baridi ya kuvaa sweta mbili. Misa sikwenda. Nimechoka, na aibu yenyewe ni kwamba natoka kupumzika.

Ninaandika nyumbani kwa mdogo wangu Kyakimwa, anayeuza vitenge sokoni. Kesho natakiwa kupanda gari kwenda Beni, kwenye maternité ninakozalisha akina mama, na zamu ya kwanza ni yangu peke yangu. Kyakimwa hataki niende. Ndiye aliyenipeleka siku mbili kwenye kisiwa kidogo cha ziwa Kivu, karibu na Goma, akitumaini kwamba nikishapumzika nitapata akili ya kuacha kazi.

Kisiwa chenyewe ni mdomo wa volkeno ya zamani iliyozama nusu, umebaki umekunjwa kama mwezi mchanga. Mchanga mweusi, ndege, hema chache, wageni wawili watatu. Pikipiki hata moja hakuna. Asubuhi tulipiga kasia kwenye mitumbwi ya plastiki, sisi watu wa milimani tusiojua kuogelea, tukimwita Bikira Maria kila wimbi lilipopita. Nilicheka mpaka tumbo likauma.

Mchana tukalala hemani. Vitanda viwili, ukinyoosha mkono unafika cha pili.

Ndipo sufuria zikalia.

Kwetu Beni sufuria hazipigwi bure. Mtaa ukisikia adui ameingia, mmoja anapiga kifuniko, jirani anapokea, mpaka mji mzima unalia chuma. Mfuko wa nguo na karatasi unakaa mlangoni siku zote. Unaushika, unakimbia. Vita vimetufundisha hilo kuliko katekisimu.

Nilishika mfuko, nikakimbia. Nilipanda ukingo wa volkeno bila viatu, miguu ikichanika kwenye mawe, mpaka juu kabisa. Kule juu nikaona maji kila upande, hakuna pa kwenda. Chini, mama mpishi alikuwa na kifuniko na mwiko mkononi, anaita wageni waje kula.

Alinifuata polepole, akihema. "Mama, ni chakula tu," akaniambia. "Bita hapana, adui hapana. Shuka, samaki ya sambaza itapoa."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini si hilo linalonikosesha usingizi.

Niliposhuka, Kyakimwa alikuwa amesimama mlangoni mwa hema. Tulikula, tukavuka ziwa, tukapanda basi la kurudi. Tulipofika Kayna, mji wa njiani, watu wakipakia viazi juu ya gari, ndipo akaniuliza huku akiangalia dirishani: "Yaya, dada yangu, wakati uliamuka, haukuniona?"

Ningeweza kusema nilidhani ametoka nje. Nikamwambia ukweli: sikumtafuta. Mfuko niliukumbuka, yeye sikumkumbuka.

Hakulia. Alinipa nusu ya mkate wake, na hiyo iliniuma zaidi.

Huko Beni sufuria zimelia mara mbili nikiwa kazini, na mara zote mbili nilibaki na akina mama wenye uchungu. Watu wakanisifu, nami nikaziamini sifa. Masika hakimbii, ndivyo walivyosema juu yangu. Sasa sijui kama ule ulikuwa moyo, au nilikuwa bado sijachoka.

Nimekata shauri. Kesho nitakwenda, maana uchungu wa mama haungoji mkunga apone. Lakini kabla ya kuvaa blouse ya kazi nitamwambia titulaire, mkubwa wetu, asiniweke tena zamu peke yangu. Ataudhika, tuko wachache. Miaka yote hii neno "nimechoka" nimelisema nyumbani, kazini sijalitamka hata mara moja.

Akikataa, nitarudi Butembo. Anayezaa anahitaji mtu atakayemkumbuka, na kwa sasa siwezi kuapa kwamba mtu huyo ni mimi.