Mawe ya Shafiqul

Umm Salal, Doha
Oktoba 2009

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umekaa kitako na chai yako ya rangi, goti limepunguza kuuma. Vuli imeshaanza huko Mlalo, basi usishuke bondeni na utelezi huo, mtume Saida. Mimi mwili mzima, alhamdulilahi. Moyo ndio una kidonda.

Yule Shafiqul wa Bangladeshi niliyekuwa nikikusimulia, tuliyelala chumba kimoja na kumwagilia mboga pamoja hapa shambani, amefariki. Alijilaza baada ya kazi, tukamwita chakula, kimya.

Unakumbuka nilivyokuwa nikimcheka? Alikuwa akiokota mawe, Mama! Kila akitoka shambani ana jiwe mfukoni, analisukumia chini ya kitanda. Nikamwuliza ana wazimu gani. Kwa Kiarabu chetu cha kubabaisha akaniambia kwao ni tambarare tupu, matope yaliyoletwa na mito, na mtu anaweza kukua mpaka akaoa hajajikwaa kwenye jiwe. Wakitaka kokoto huchoma matofali wakayaponda. Mimi niliyelelewa juu ya miamba nikamwita mwongo mkubwa. Naye akanirudishia kwamba hakuna mtu anayelima ubavuni mwa mlima asiporomoke.

Mawe hayo alitaka kuyapanga kwenye kaburi la baba yake. Mto wa kwao unakula kingo. Maji yakijaa, watu hufungua nyumba zao za mabati, wakazibeba mbali na mto, wakazisimamisha upya. Alikuwa akimpigia mkewe, Rokeya, na kumwambia aweke simu chini pale ukingoni, asikie udongo ukimeguka.

Alipofariki, tajiri wetu alikubali kusafirisha maiti. Rokeya akakataa. Weee, Mama, niliwaka! Nilimwambia Jalil, mwenzao wa huko huko, ampigie na amwulize ni mke gani anayekataa kumpokea mumewe. Nilisema na mengine siwezi kukuandikia. Jalil akayatafsiri yote, mjinga yule.

Rokeya hakufoka. Alisema kaburi la mkwewe lilimeguka mwezi wa saba, yeye na watoto wakiitazama mifupa ikienda na maji. Shafiqul hakuambiwa. Kila alipouliza, alijibiwa kaburi lipo. Basi watoto hawataliona hilo kwa baba yao pia, alisema, azikwe huku kwenye ardhi ngumu.

Niliona aibu, Mama, mpaka leo ninayo. Nilimwomba radhi. Akasema hana kinyongo, ila nimwambie kweli, ardhi ya huku haimeguki? Nikamwambia haimeguki, kaburi limechimbwa kwa mashine.

Tulimzika Ijumaa. Mawe yake niliyatia kwenye mfuko wa mchele, nikayabeba begani, nikampangia mwenyewe. Nimebakiza moja. Jalil anakwenda likizo, na Rokeya ameomba ampelekee. Atalikalisha ndani, ili wakihama wahame nalo.

Usia wako kwamba nisiache mifupa yangu ugenini sijausahau. Ukienda kaburini kumsomea baba Yasini, kaa kidogo umsomee na Shafiqul. Msalimie Saida na majirani wote, na goti ulikande kwa maji ya moto kila jioni.

Mwanao,
Twaha