Hukuitwa, Baba

Shikamoo baba,

Naanza na salamu kwa sababu siku ile kwenye simu niliiruka.

Unakumbuka ulipokuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kata? Mtu akija nyumbani Ikungi akilalamika kwamba jirani kamega shamba lake la alizeti, ulimkaribisha uji, ukamsikiliza hadi mwisho, halafu ukauliza lile lile: "Mwenzako yuko wapi? Mwite." Watu walinuna, wakakuita mzee mzito. Lakini hukumtaja mkosaji kabla hujautembea mpaka na wote wawili, mmoja kulia, mwingine kushoto.

Kisha ukagombea uenyekiti wa kijiji. Siku nne kabla ya kura, sauti yako iliingia kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, ikisema eneo la malisho umeshamwahidi mgeni na wafugaji wataambiwa baadaye. Nilikuwa huku Manyoni, gengeni kwangu. Nikasikiliza mara tatu. Ni wewe kabisa, hadi kile kikohozi chako. Nikakupigia, sikukuamkia, nikakwambia umetuaibisha.

Ukasema, "Hata wewe, mwanangu, hukuniuliza kwanza."

Ulishindwa vibaya. Watu uliowaamulia mipaka wakawa wanapita mlangoni bila kupiga hodi.

Wiki kadhaa baadaye, fundi simu wa jirani alinirekodi nikitaja bei za nyanya. Chai yangu haijapoa, simu yake ikaanza kuwatukana wateja wangu kwa sauti yangu mwenyewe. "Ni akili mnemba hiyo, dada," alisema, akicheka. Mimi nililia pale pale mbele yake. Siku zote nilidhani kura huibwa kwenye sanduku. Yako iliibwa masikioni mwetu, na yangu yakiwemo.

Nilipanga kuja Jumapili nikuombe radhi uso kwa uso. Mama akapiga Ijumaa.

Msibani jirani yetu mmoja alinishika mkono akasema, "Tungemwita tu, angetueleza." Wao walikuwa wapiga kura wako, baba. Mimi ulinilea.

Rekodi ile bado ninayo. Naogopa kuifuta, maana hata ikiwa ya uongo, ndiyo sauti yako pekee iliyobaki kwenye simu yangu.

Nisamehe.

Ni mimi binti yako, niliyekuhukumu bila kukuita.