Njuga za Mwalimu Moraa

Jumatatu, 8 Juni
Nimechuma chai mpaka saa nne. Goti linanung'unika kuliko marehemu mke wangu. Nikiwa shambani habari zikanifikia: Mwalimu Moraa amefariki, kwake Manga. Nikaendelea kuchuma. Kikapu hakikujaa.

Alinifundisha ngoma nikiwa darasa la tano. La sita sikumaliza. Hesabu zake zote zimenitoka, lakini mabega bado yanamtii. Hata nikichuma chai nachuma kwa mdundo wake.

Jumanne, 9 Juni
Nimepanda Manga. Mwaka jana Mwalimu aliniambia, akicheka bila meno, akifa nisimlilie, nimchezee kaburini. Nikaahidi. Leo nimemwambia mwanawe Nyakundi, mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa kufunga tai hata akikamua ng'ombe.

"Baba Ombati, ratiba imeshachapishwa. Mambo ya ngoma hatuna."

"Andika basi ni sala ya mabega."

Hakucheka. Nimeteremka na hasira.

Jumatano, 10 Juni
Nimezitoa njuga za Mwalimu sandukuni mwangu. Alinipa siku aliyobatizwa, Nyakundi hajazaliwa bado. Tangu hapo hakucheza tena mbele za watu. Nimezipaka mafuta. Kesho mazikoni nitazivaa ndani ya suruali. Wanifukuze wakitaka.

Alhamisi, 11 Juni
Tumemzika.

Ujinga wangu: nilisahau Wasabato husimama kila wimbo. Nikisimama tu, njuga zinalia. Nikabaki nimekaa. Akina mama wakanong'onezana, mzee amelewa. Laiti.

Jeneza lilipofika shimoni nikaenda mbele. Chwa, chwa, chwa. Nyakundi akaniangalia miguu, akajua. Nilingoja anikamate. Akasogea pembeni, akanipa nafasi.

Goti likakataa. Mabega yakakataa. Nilisimama pale kama mti wa stima. Mchungaji akangoja, akakohoa, akaanza kuomba.

Ijumaa, 12 Juni
Sikutoka nje. Najichukia.

Jumapili, 14 Juni
Nyakundi amekuja, bila tai. Nilidhani amekuja kunigombeza. Akanywa chai yote kwanza.

"Baba Ombati, mama alikuwa anachezaje? Mimi sijawahi kumwona."

Miaka hamsini na kitu ameishi nyumba moja na yule mama.

Nikamwonyesha nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Mwanzo, mabega polepole, shingo imetulia. Kisha yale ya haraka, kama mtu anapepeta nafaka ya wimbi. Akaniiga. Mgumu kama mlango, lakini akaniiga.

Halafu kuna mwisho wake, ule wa kushukia chini. Nikainua mabega, nikangoja yakumbuke. Hakuna kitu. Nikarudia toka mwanzo mara tatu. Hakuna.

"Pole pole, mzee. Tutauliza mtu."

Tuliocheza naye nimewazika wote. Nimemwambia arudi kesho kutwa. Mvua inanyesha, nimekaa hapa najaribu.