Chokaa Kwenye Ubao wa Taa

Jumatano, 3 Julai 1974
Baridi ya Mbeya imenikaza vidole. Nimefunga balbu za mwisho kwenye ubao. Balbu thelathini na tano za gari, betri ya lori, na gogo la mlingoti lililopigiliwa vipande vya bati. Ukizungusha hendeli, gogo linazunguka, waya zinagusa bati, herufi inawaka. Kisha inayofuata. K, A, R, I, B, U.

Meneja wa karakana amepita, amecheka. Eti nani atasimama kungoja herufi mojamoja? Kasema mgeni rasmi wa maonyesho asipoona ubao ukiwaka Jumapili, narudishwa Ubaruku kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Sikutoka kwetu Kihesa kuja kumeza pumba. Namchukia meneja huyu.

Ijumaa, 5 Julai
Imewaka! Zote. Hata R, iliyonitesa wiki nzima.

Jumamosi, 6 Julai
Uwanja wa maonyesho unapakwa chokaa. Mawe, miti, mpaka ngazi za choo. Ndiyo kawaida yetu mgeni rasmi akija. Anayepaka ni Mzee Ambakisye, mfagizi wa karakana yetu. Nimefunika ubao kwa turubai upande wa mbele, nimekwenda kula.

Jumapili, 7 Julai
Mgeni amesimama mbele yangu, nimezungusha hendeli. Hakuna kitu. Nimezungusha tena. Hakuna! Meneja amemwongoza kwenye banda la ng'ombe.

Nimezunguka nyuma. Gogo jeupe pee. Bati zote zimepakwa chokaa, umeme upite wapi? Nimemfokea mzee mbele za watu. Mjinga mkubwa.

"Mwanangu, meneja kasema kisibaki kitu."

Nimemwambia asiniite mwanangu. Na sijutii.

Jumatatu, 8 Julai
Narudishwa Ubaruku, Alhamisi. Meneja hakutaka hata kunisikiliza.

Kutwa nimekwangua chokaa kwa wembe. Kwa ukaidi tu. Jioni, wenzangu wakibomoa mabanda, ubao umewaka.

Mzee Ambakisye alikuwa anafagia. Akasimama. Tangu mwaka huu uanze anahudhuria kisomo cha watu wazima, daftari halimtoki mfukoni. K ilipowaka, midomo ikaanza kucheza. A. "Ka," akasema. Nikasubiri. R. I. "Kari." Akafuta macho kwa kiganja, nikasubiri tena. Nikazungusha polepole zaidi.

"Karibu," akasoma. Akanitazama. "Asante, mwanangu."

Sikumkataza. Nikarudisha hendeli kwenye K.